Wanapiga Picha Moshi, Mwenye Moto Hawamwoni

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha tulikuwa tumeketi barazani, kahawa tungu ikipita mkono kwa mkono, kijana mmoja wa mtaani kwetu akatoa simu yake akatuonyesha filamu fupi iliyompendeza. Ilikuwa ni gari la moshi la zamani, la Eritrea, likipanda milima kutoka bandari ya Massawa kwenda Asmara. Jua lilikuwa chini, rangi ya dhahabu. Kamera ilikuwa angani, ikateremka polepole mpaka ikalikuta gari linachomoza katika tundu la mlima, na moshi mweusi tititi umesimama juu yake kama mnazi. Kijana akasema, "Tazameni hiyo. Sinema kabisa!" Nasi sote tukasifu. Hata mimi nilisifu.

Pembeni alikuwako mzee mmoja ambaye zamani alikuwa fayamani wa reli. Aliipokea simu, akaiweka mbali na macho yake kama wafanyavyo wazee, akatazama mpaka mwisho. Kisha akairudisha, akasema, "Mwanangu, huyo fayamani wake hajui kazi. Au ameambiwa aharibu."

Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Akatueleza kwamba moshi mweusi ni makaa au mafuta ambayo hayakuungua sawasawa, yakaenda zake angani. Ni mali ya reli inayopotea. Fayamani aliyejua kazi yake, moshi wake ulikuwa kama ukungu mwembamba tu juu ya dohani, na mtu aliyesimama mbali alijua gari linakuja kwa kusikia, si kwa kuona. Mkubwa wa loko akiona wingu jeusi linatoka njia ya Changamwe, alikuwa akimngoja mwenye wingu lake stesheni.

Ndugu msomaji, neno la mzee huyo limenikaa moyoni tangu siku hiyo. Maana alikuwa amesema kweli pande zote mbili. Fayamani asiyejua kazi hutoa moshi mweusi, na fayamani aliyeambiwa aharibu pia hutoa moshi mweusi, na siku hizi hao wa pili ndio wengi. Katika nchi nyingi kuna watu ambao mapenzi yao ni kupiga filamu treni za mvuke zilizobaki. Hukodi gari zima kwa siku moja. Hulisimamisha porini, huteremka na kamera zao, kisha gari hurudishwa nyuma na kuambiwa lije tena kwa kasi, na tena, na tena, hata picha iwe imepatikana. Na kabla halijaja, dereva na fayamani huombwa watie moshi.

Sisemi kwamba kuna dhambi katika hayo. Sinema ina adabu zake, na mwenye kuipenda hujifunza. Filamu ya sinema hupigwa picha 24 kwa kila sekunde, na hiyo ndiyo inayofanya mwendo uonekane laini, si mkavu kama wa habari za televisheni. Picha hupanuliwa kwa mapana, ikaachiwa ukanda mweusi juu na chini. Lenzi hufunguliwa sana, kitu kimoja kikaonekana waziwazi na vyote vilivyo nyuma yake vikawa kama ndoto. Wapigaji hungoja asubuhi na jioni, wakati jua liko chini na chuma kinang'aa ubavuni. Vijana wetu wanaopiga video za harusi hapa Mombasa wanayajua haya yote, na wengine wanayafanya vizuri kupita hao wageni. Mimi ni mtu wa kupenda sinema tangu utoto. Neno langu ni kuhusu kile kinachotafutwa na kamera hiyo, na kile kinachoachwa nje yake.

Chukua mfano wa filamu iliyoipa reli yetu sifa kubwa duniani, nayo ni Out of Africa, iliyotengenezwa nchini Kenya na Sydney Pollack na kutolewa mwaka wa 1985. Ilipata tuzo 7 za Oscar, mojawapo ikiwa ni ya upigaji picha. Wengi walioiona hawakumbuki mengi ya kisa chake, lakini wanalikumbuka lile gari la moshi linalokata mbuga mwanzoni, moshi ukilala nyuma yake na muziki wa John Barry ukipanda. Ukweli ni kwamba injini ile haikuwa hai. Ilitolewa mahali ilipokuwa imepumzika, ikasukumwa kutoka nyuma na injini ya dizeli iliyovishwa umbo la behewa la mizigo. Na ule moshi uliowaliza watu katika majumba ya sinema ya London na New York ulikuwa moshi wa tairi za gari zilizochomwa.

Mtu atasema, hiyo ni sinema, na sinema ni kiini macho. Ni kweli. Hata katika Aradhana ya mwaka wa 1969, ambayo hakuna nyumba ya pwani isiyojua nyimbo zake, Rajesh Khanna anayeimba ndani ya jipu kando ya kile kitreni cha Darjeeling na Sharmila Tagore aliyeketi dirishani hawakuwa pamoja siku hiyo. Bibi huyo alikuwa na kazi kwingine, na sehemu yake ikapigwa baadaye ndani ya studio. Sisi hatukujua, wala hatukupungukiwa na kitu.

Lakini katika habari ya reli yetu liko jambo linaloniuma. Injini za mvuke za Kenya zilikoma kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Filamu hiyo ilipigwa mwaka wa 1985. Wenye mikono iliyowasha matanuri yale walikuwa bado wazima, wengine hawajatimia hata miaka 40, wamekaa Makupa na Changamwe na Makongeni ya Nairobi. Moto wa kweli ulikuwa umezimika juzijuzi, na wenye kuujua walikuwa karibu, ila picha ilihitaji moshi tu, na moshi wa tairi ulitosha.

Liko na jambo jingine ambalo sikulijua mpaka mzee yule aliponizindua. Ile sura ya treni ya sinema, yenye mawingu meupe yanayojikunja na kufunika mabehewa, ni sura ya nchi za baridi. Mvuke wenyewe hauonekani. Kinachoonekana ni matone madogo ya maji baada ya mvuke kupoa, na katika hewa ya baridi hupoa upesi, wingu likawa nene na kukaa muda mrefu. Ndiyo maana wapigaji picha wa Ulaya huamka alfajiri ya kipupwe, barafu ikiwa chini. Hapa kwetu, saa nane mchana kati ya Mazeras na Mackinnon Road, mvuke ulitoka dohani ukapotea kabla hujaumaliza kuutazama. Gari la moshi la pwani lilikuwa karibu halina moshi! Lilikuwa na jua linalotetemeka juu ya reli, na chuma usichoweza kukigusa, na vumbi jekundu la Taru. Kijana wa Mombasa anayetaka kupiga filamu ya reli yake akalitia wingu jeupe ili lifanane na la sinema, amevaa koti la baridi la mtu mwingine.

Basi nikaanza kumfuata mzee na maswali, siku baada ya siku.

Yeye aliingia reli mwaka wa 1971 akiwa kijana, na bahati yake ni kwamba alizikuta injini za daraja la 59. Hizi zilitengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock mwaka wa 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki, na kila moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250. Katika reli za upana wa mita moja hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda popote duniani. Umbo lake si la kawaida: boila imening'inizwa katikati, na mbele na nyuma yake kuna seti mbili za magurudumu na mitambo, kila moja ikipinda peke yake. Ndivyo mnyama mrefu wa namna ile alivyoweza kufuata kona na kupanda kutoka usawa wa bahari bila ya kutoka relini. Tanuri lake lilikuwa kubwa mno hata mtu na sepetu asingeliweza kulishibisha, kwa hivyo lililishwa mafuta mazito. Kazi ya fayamani ikawa ya macho, masikio na vidole. Mkono mmoja uko kwenye vali ya mafuta, jicho moja kwenye kioo cha maji, jicho jingine dohani. Dereva akifungua mvuke, mafuta lazima yafuate saa ileile. Yakichelewa, moto unapoa. Yakizidi, moshi mweusi.

Nilimwambia kwamba nimesoma kuwa hata injini za mafuta zilikuwa na wakati wake wa kutoa moshi mweusi kwa haki. Akafurahi kama mtu aliyetajiwa jina la rafiki. Akasema masizi yakijaa katika mabomba ya boila, joto halipiti. Fayamani huchota mchanga, akauachia uvutwe ndani ya tanuri, nao ukapita mabombani ukikwangua, na hapo dohani hutapika wingu kama usiku. Kazi hiyo, akasema, ilifanywa porini, mbali na majumba, isije ikachafua nguo za watu zilizoanikwa.

Nilimwuliza habari za Ramadhani mbele ya moto ule. Akajibu kwamba msafiri ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine, na wako waliofungua na hapana aliyewacheka. Yeye alikuwa akijaribu. Dereva wake wa miaka ya kwanza alikuwa Singasinga, mtu wa maneno machache. Maghribi ilipowakuta njiani, karibu na Maungu, ndiye aliyemwambia, "Jua limezama, kula tende zako," na vali akaishika yeye.

Na walipofika Mackinnon Road walipunguza mwendo. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kwa nini. Pale kando ya reli, penye msikiti, amezikwa Sayyid Baghali Shah, mtu wa Punjab aliyekuja na maelfu ya Wahindi waliojenga reli hii tangu mwaka wa 1896 mpaka ilipofika Kisumu mwaka wa 1901. Watu husimulia kwamba karai lake la kazi halikugusa kichwa chake, lilielea juu yake. Mwenye kuamini na aamini. Ninalojua ni kwamba sijaona filamu hata moja ya reli yetu iliyoshuka hapo. Za simba wa Tsavo tumeziona, na wala hazikupigwa Tsavo. Bwana Devil ya mwaka wa 1952 ilipigwa California, na The Ghost and the Darkness ya mwaka wa 1996 ikapigwa Afrika ya Kusini.

Sauti pia inaachwa. Katika filamu nyingi za treni nilizotazama tangu usiku ule wa barazani, sauti ya injini imezimwa na badala yake umewekwa muziki wa fidla. Mzee aliposikia hivyo alishangaa, maana kwake yeye injini ilijulikana kwa sauti kwanza. Zile za daraja la 59, kwa kuwa zina seti mbili za mitambo, pumzi zake zilikuwa mbili. Mara huenda sawa, ukasikia mapigo manne mazito, kisha polepole moja hutangulia nyingine, ikawa kama ngoma mbili zinazojibizana, halafu zikakutana tena. Alitupigia mdundo huo kwa vidole juu ya sinia ya kahawa, na watu wazima wakanyamaza kumsikiliza. Nakiri kwamba hapana hata mmoja wetu aliyefikiri kuwasha kinasa sauti, na simu tulikuwa nazo mfukoni, kila mtu na yake.

Narudi kwenye filamu ya Eritrea, kwa sababu si haki kuiacha na lawama peke yake. Reli ile ya kilomita 118 ilijengwa na Wataliani, ikaanzia Massawa mwaka wa 1887 na kufika Asmara mwaka wa 1911, ikipanda zaidi ya mita 2,300. Vita viliimaliza. Vyuma vyake viling'olewa vikatumiwa kwa mahandaki ya askari. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1993, Waeritrea wakaamua kuijenga upya wenyewe, na waliokwenda kuifanya kazi hiyo walikuwa wazee wa reli waliokwisha kustaafu, wengine wa miaka 70 na zaidi. Wakarudi karakana, wakakusanya vyuma vilivyotawanyika, wakazifufua injini zilizotengenezwa Italia katika miaka ya 1930, na kufikia mwaka wa 2003 gari lilikuwa linapanda tena mpaka Asmara. Wageni waliokwenda na kamera zao kupiga picha za moshi waliweza kuupata moshi huo kwa sababu tu wazee wale walikuwa hai na waliitwa. Ningependa kumwona yule mzee aliyekuwa ndani ya injini katika filamu tuliyoonyeshwa barazani, aliyeambiwa aharibu. Katika dakika zote zile uso wake hauonekani hata mara moja.

Nimeitazama tena ile filamu ya kwanza ya treni yenye sifa, ya ndugu wa Lumière wa Ufaransa, iliyoonyeshwa kwa watu mwaka wa 1896, mwaka uleule reli ilipoanza kutandikwa Mombasa. Ni ya sekunde 50 tu, imepigwa katika stesheni ya La Ciotat, mji wa pwani. Husemwa kwamba watazamaji walikimbia wakidhani gari litawakanyaga, ingawa wataalamu wengi hawaamini kisa hicho. Watu hutaja gari tu, lakini gari huingia na kupita katika sekunde chache za mwanzo. Sehemu kubwa iliyobaki ni watu. Wanawake wenye vikapu na mizigo, mtoto anayeshikwa mkono, mwanamume anayetafuta mlango wa behewa, mtumishi wa reli anayepita haraka. Mwenye kamera hakuwa na muda wa kutafuta moshi mzuri, na leo, baada ya miaka zaidi ya 120, watu wale ndio tunaowatazama.

Kwa hivyo nawaambia vijana wetu wenye kamera, na najua mko wengi. Garimoshi la abiria la reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi lilikoma mwaka wa 2017, ilipofunguliwa reli mpya, na lile la mvuke lilikuwa limekwisha toka zamani. Kwenye njia ile hamtapata treni ya kukimbizana nayo kwa droni. Lakini injini ziko. Mount Gelai, nambari 5918, iko katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka wa 1971, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitengenezwa hata ikaweza kutembea tena. Na watu wako, ingawa hawa hawatakaa makumbushoni. Aliyekuwa na miaka 22 mwaka wa 1975 sasa amepita 70. Mchukueni mmoja, awe dereva au fayamani au fundi wa boila au gadi, mkae naye mbele ya injini aliyoijua, mumwache ashike kila vali aitaje jina lake, yale majina waliyoyatumia wao kwa wao, si ya vitabuni. Mkitaka jua la jioni na lenzi nzuri, tieni. Anastahili. Gharama yake ni nauli na chakula cha mchana, na naona aibu kwamba ofisi zenye dhamana ya urithi hazijamaliza kazi hii zamani.

Mwaka jana nilikwenda Nairobi na mzee wetu. Tulisali Adhuhuri mjini, kisha tukaingia makumbushoni. Alipoiona Mount Gelai alisimama kidogo, akaizunguka yote kama mtu anayenunua ng'ombe, akagusa gurudumu moja. Halafu akapanda ngazi, umri wake na magoti yake yote, mimi nikimwinulia mkono chini bure tu. Huko juu hakutazama alipoweka mikono. Wa kulia ulikwenda kwenye vali ya mafuta wenyewe, na kichwa kikageuka upande wa dohani.

Chini walikuwako vijana wanne na kamera yao juu ya miguu mitatu, wamevaa vizuri, wanapiga filamu ya tangazo. Mmoja wao akaja kwa heshima zote, akanyanyua uso akasema, "Shikamoo mzee. Samahani, unatuingilia kwenye picha. Utaweza kushuka kidogo?"

Mzee akasema marahaba. Akaufuta mkono wake kwenye kanzu, akashuka kinyumenyume, uso ameuelekeza kwenye injini, mkono mmoja haukuachia chuma mpaka mwingine umeshika, kama walivyofundishwa mwaka wa 1971.

Vijana walingoja amalize, ndipo wakawasha kamera.